Kinga si Msamaha

Miongoni mwa maneno ya sheria yanayotajwa na askari wetu, wawe wa jeshi au wa polisi, hakuna linalotamkwa kwa wepesi na kueleweka kwa shida kama neno "kinga". Askari kijana aliyepangwa ulinzi wa usiku katika mitaa ya Cibitoke, hapa Bujumbura, akigombana na mwenye duka, husikika akisema kwamba yeye yumo katika kazi ya Serikali na mtu wa Serikali hashtakiwi. Mwenye duka naye aghalabu huamini vivyo hivyo, akafunga mlango wake na kubaki na hasara yake pasipo kuuliza njia ya kwenda mahakamani. Wote wawili wamepotoka, nao wamepotoshwa na neno moja ambalo hawajapata kulichunguza limetoka wapi na limebeba nini.

Kabla ya kuendelea tuseme kwamba Cibitoke tunayoitaja ni ile ya jijini, jirani ya Kamenge, Ngagara na Mutakura, wala si ile ya bonde la Imbo iliyokuwa mkoa wenye jina hilohilo. Tumeichagua kwa makusudi. Ni mtaa ambao askari na raia wanakaa ukuta kwa ukuta, wananunua maharage kwa mchuuzi mmoja, na watoto wao wanasoma darasa moja. Tena ni mtaa uliojua milio ya bunduki katika vita vilivyoanza mwaka 1993, ukaijua tena mwaka 2015. Mahali kama hapo, swali la nani anaweza kushtakiwa na nani hawezi si swali la wanasheria peke yao.

Tuanze na asili ya neno. Sheria zetu zimeandikwa kwa Kifaransa kwa muda mrefu, na katika lugha hiyo kinga huitwa "immunité". Neno hilo limetoka katika Kilatini, lugha ya Waroma wa kale, nalo limeundwa kwa sehemu mbili: ile ya kukanusha, na neno "munus", maana yake mzigo wa kazi ambao mtu anapaswa kuubeba kwa ajili ya jamii yake. Aliyeondolewa mzigo huo aliitwa "immunis". Na hapa pana jambo ambalo askari watalipenda. Katika majeshi ya Roma palikuwa na askari walioitwa kwa jina hilohilo, "immunes": waganga, mafundi wa silaha, wapima ardhi, makarani, na wengine wenye ujuzi maalumu. Hao walisamehewa kuchimba mitaro, kukata kuni na kazi nyingine za mikono za kambini, ili wapate nafasi ya kufanya kazi ambayo wenzao hawakuijua. Msamaha huo haukugusa nidhamu hata kidogo. Fundi wa silaha aliyeiba au kumtoroka mkuu wake hakuweza kujitetea kwamba yeye ni immunis. Alikuwa ameondolewa jembe, hakuondolewa sheria.

Jambo la pili ni la kushangaza zaidi kwa sisi tunaoishi Burundi. Kutokana na neno "munus" limetokea pia neno la Kilatini linalomaanisha wale wanaobeba mzigo kwa pamoja, na kutokana na hilo Wafaransa wamepata "commune", nasi tumepata komini. Cibitoke yenyewe ilikuwa komini, kabla komini za jiji hazijaunganishwa na kuwa tatu, yaani Muha, Mukaza na Ntahangwa. Basi komini na kinga ni watoto wa mama mmoja. Mmoja ametwikwa mzigo pamoja na wenzake, wa pili ametuliwa. Lakini kumtua mmoja hakuufuti mzigo. Mzigo upo palepale, na iko sababu iliyofanya huyo mmoja atuliwe, na sababu hiyo ikiisha anatwikwa tena.

Neno letu la Kiswahili, kinga, halina historia hiyo, na ndiyo maana linaleta utata. Hili ni neno la Kibantu, na ndugu yake yumo katika Kirundi. Kukinga ni kuzuia kitu kisikufikie: tunakinga mvua kwa mwavuli na tunakinga jua kwa mkono. Hospitalini kinga ni chanjo. Kwa waganga wa kienyeji kinga ni hirizi. Wapiganaji wa Maji Maji katika Tanganyika, kati ya mwaka 1905 na 1907, walipewa maji wakiambiwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Waasi wa Simba, ng'ambo ya ziwa letu huko Uvira na Fizi, nao waliamini jambo la namna hiyo mwaka 1964. Kwa hiyo, mtu anaposikia kwamba fulani ana kinga, mawazo yake hukimbilia moja kwa moja kwenye hirizi: kitu kilichovaliwa mwilini, kisichoonekana, kinachomfanya aliyekivaa asidhurike popote aendapo. (Liko pia neno kinga lenye maana ya kijinga cha moto, lakini hilo ni jingine kabisa na halituhusu hapa.) Kinga ya sheria si hirizi. Haikai mwilini mwa mtu. Inakaa katika cheo, au katika kazi fulani, au katika mapatano fulani, na mtu anapotoka humo huiacha mlangoni.

Yapo na maneno mengine mawili ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka Kiarabu na ambayo yanafaa kutenganishwa vizuri: mashtaka na madai. Shtaka asili yake ni kulalamika. Dai asili yake ni kuita na kutaka. Katika sheria ya leo mashtaka ni ya jinai, ambapo dola humfuata mhalifu ili aadhibiwe; na madai ni ya mtu kumtaka mwenziwe amlipe haki yake au hasara aliyomtia. Ndugu zetu wa Tanzania wameyatenganisha maneno hayo katika Katiba yao. Ibara ya 46 ya Katiba hiyo inahusu kinga ya Rais dhidi ya mashtaka na madai. Kwa mashtaka ya jinai, Rais hafikishwi mahakamani muda wote awapo madarakani. Kwa madai yanayohusu mambo yake binafsi, anaweza kudaiwa hata akiwa Rais, ila mdai apeleke kwanza taarifa ya maandishi siku 30 kabla. Msomaji atazame vema. Mkuu wa nchi, na mkuu wa majeshi pia, akikopa fedha kama mtu binafsi asilipe, kinga yake ni siku 30. Itakuwaje basi koplo wa Cibitoke ajione amekingwa milele?

Wanasheria hutumia neno la tatu nalo ni dhima. Dhima ni ule wajibu unaomkaa mtu shingoni kwa sababu ya tendo lake. Tofauti ya kinga na dhima ndiyo kiini cha maneno yetu ya leo, na mfano wake bora umetoka kwa jirani yetu Kongo. Tarehe 11 Aprili 2000 jaji wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata Abdoulaye Yerodia Ndombasi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Kongo, kwa ajili ya maneno aliyodaiwa kuyasema mwezi Agosti 1998. Kongo ikaishtaki Ubelgiji mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, nayo ikatoa hukumu tarehe 14 Februari 2002. Kongo ilishinda: waziri wa mambo ya nje aliye madarakani hawezi kukamatwa na mahakama za nchi nyingine. Wengi waliishia hapo wakashangilia au wakanuna. Lakini mahakama ile iliendelea kueleza kwamba kinga haina maana ya kuacha uovu bila adhabu. Kinga, ilisema, ni jambo la utaratibu wa mashtaka. Dhima ya jinai ni jambo la kiini. Kinga inaweza kuzuia kesi kwa muda fulani au kwa makosa fulani, lakini haimwondolei mtu dhima yake. Waziri huyohuyo angeweza kushtakiwa katika nchi yake, au nchi yake ingeweza kuiondoa kinga yake, au angeweza kuulizwa mambo fulani baada ya kuacha cheo.

Kwa lugha ya kambini tungesema hivi: kinga ni mlango uliofungwa, dhima ni deni lililomo ndani ya nyumba. Anayefunga mlango hajalipa deni.

Imani kwamba mtu wa Serikali hashtakiwi imetoka wapi, basi? Kwa sehemu kubwa imetoka kwa wafalme wa Ulaya. Waingereza walikuwa na kanuni ya kale kwamba mfalme hawezi kutenda kosa, na mahakama, kwa kuwa ni za mfalme, hazikuweza kumwita mwenye nazo. Kanuni hiyo ilidumu hadi sheria ya mwaka 1947 ilipomruhusu raia kudai fidia kwa Serikali kwa madhara yaliyofanywa na watumishi wake. Lakini hata katika karne zile za giza askari aliyetumwa na mfalme hakuwa salama. Alikuwa katika hatari zaidi, kwani raia asiyeweza kumshtaki mfalme alimshtaki yule aliyemkuta mlangoni.

Mwezi Novemba 1762 wajumbe wanne wa mfalme wa Uingereza, mmoja wao akiitwa Nathan Carrington, waliingia kwa nguvu katika nyumba ya mwandishi John Entick. Walishika hati iliyotiwa saini na waziri, Lord Halifax, iliyowaamuru wamtafute mwandishi huyo na kuchukua karatasi zake, kwa sababu alishukiwa kuandika dhidi ya Serikali. Walikaa humo kwa muda wa saa nne, wakavunja makufuli, wakapekua masanduku, wakaondoka na karatasi. Entick aliwadai mahakamani. Wajumbe wakajitetea kwa utetezi ambao kila askari anaujua: tulitumwa, tulikuwa na amri, na amri ilitoka juu. Mwaka 1765 Jaji Camden alitamka kwamba hakuiona sheria yoyote iliyompa waziri mamlaka ya kutoa hati ya namna hiyo, na kwamba kama haimo katika vitabu basi si sheria. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limekwisha kumpimia Entick fidia ya paundi 300. Waliowekwa majina yao katika kesi hiyo ni wajumbe. Jina la waziri halimo.

Sisi wa Burundi hatukurithi sheria ya Waingereza. Tulipitia mikononi mwa Wabelgiji, na huko njia ilikuwa tofauti kidogo. Huko Bruges, mti uliooza wa mamlaka ya mji uliangukia mali ya kampuni ya bustani iliyoitwa La Flandria. Kampuni ilidai fidia. Mji ukajitetea kwamba yenyewe ni mamlaka ya umma na haihojiwi namna inavyotunza miti yake. Tarehe 5 Novemba 1920 Mahakama Kuu ya Rufani ya Ubelgiji ilikataa utetezi huo. Iliamua kwamba mamlaka ya umma, ikimtia raia hasara kwa uzembe wake, italipa kama mtu mwingine yeyote. Mti mmoja mbovu ukaangusha kinga iliyokuwa imesimama karne nzima.

Sheria ambayo mahakama zetu zimeirithi katika mambo haya ni ya tarehe 30 Julai 1888. Iliandikwa kwa ajili ya Kongo ya Leopold II, kisha ikavuka hadi Ruanda-Urundi. Kifungu chake cha 258 kinasema kwamba tendo lolote la mtu linalomdhuru mwingine humlazimu yule aliyekosa kulitengeneza. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mwajiri atajibu kwa madhara yanayofanywa na watumishi wake katika kazi aliyowapa. Maneno hayo hayamtaji tajiri wala maskini, raia wala askari. Tena Katiba yetu ya mwaka 2005 iliweka katika kifungu cha 23 kwamba hakuna mtu atakayetendewa kwa uonevu na dola au vyombo vyake, na kwamba dola inao wajibu wa kumlipa fidia aliyetendewa hivyo. Katiba ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi yake, haikuufuta wajibu huo. Jeshi na polisi ni vyombo vya dola. Hatuoni namna ya kuyasoma maneno hayo na kutoka na jibu jingine.

Tanzania, ambayo ilifuata njia ya Waingereza, ilipata somo lake kwa namna nyingine. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 1974 yalimtaka raia anayetaka kuidai Serikali apate kwanza idhini ya Serikali yenyewe. Yaani uende kwa uliyegombana naye ukamwombe ruhusa ya kumshtaki! Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ilitamka kwamba sharti hilo linavunja Katiba. Mahali pake pakawekwa taarifa ya siku 90.

Sasa tufike mahali penye uzito kwa nchi yetu. Neno "kinga" liliingia katika mazungumzo ya kila Mrundi kwa njia ya amani. Mapatano ya Arusha yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na ndani yake mlikuwa na wazo la kinga ya muda kwa makosa ya kisiasa, ili waliokuwa uhamishoni waweze kurudi na kushiriki katika Serikali ya mpito bila kukamatwa kiwanja cha ndege. Bunge lilipitisha sheria ya kinga hiyo mwaka 2003. Itifaki ya Pretoria ya tarehe 2 Novemba 2003, kati ya Serikali na CNDD-FDD, ikaipanua: wapiganaji wa chama hicho na askari wa Serikali, wote wakaingia chini ya mwavuli mmoja. Na baada ya mapatano ya Dar es Salaam ya Septemba 2006, sheria nyingine ya mwezi Novemba mwaka huohuo ikawafikia wanachama wa Palipehutu-FNL. Jeshi jipya na polisi mpya, vilivyoundwa kwa sheria za tarehe 31 Desemba 2004, vilijengwa na watu ambao jana yake walikuwa wakitazamana kupitia mtutu. Bila kinga ya muda, watu hao wasingeweza kuketi katika kambi moja. Tunalisema hilo bila haya, na anayekidharau kifungu kile hakumbuki Bujumbura ya mwaka 2002.

Hata hivyo, msomaji asirukie neno la kwanza akaliacha la pili. Kinga ile iliitwa ya muda. Haikuitwa msamaha. Ilikusudiwa kungoja vyombo ambavyo vingechunguza yaliyopita, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipata sheria yake mwezi Mei 2014. Tena sheria ya mwaka 2003 haikuhusu mauaji ya kimbari, wala uhalifu dhidi ya binadamu, wala uhalifu wa kivita. Wala haikumpa mtu yeyote hati ya kutumia mbele yake. Kinga ya makosa ya vita vilivyopita haimfuniki polisi anayempiga kijana wa teksi-baiskeli leo asubuhi kwa sababu hakumpa fedha. Tumewasikia watu wakizungumza kana kwamba mwavuli ule wa mwaka 2003 ungali wazi juu ya vichwa vya kila mwenye sare, hata wale waliokuwa watoto wachanga wakati sheria ile ilipopitishwa. Hilo ni kosa kubwa, na anayeliamini anajitayarishia mwenyewe siku mbaya.

Wapo askari wetu wengine ambao waliikuta kinga ya namna nyingine nje ya nchi. Kuanzia mwezi Desemba 2007 majeshi yetu yalikuwa Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, na baadaye wengine walikwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati chini ya Umoja wa Mataifa. Huko waliambiwa kwamba hawawezi kufikishwa katika mahakama za nchi wanayoilinda. Ni kweli. Lakini sababu yake si kwamba askari wa kigeni ni bora kuliko wenyeji. Sababu ni kwamba mamlaka ya kumhukumu yamebaki kwa nchi iliyomtuma. Mlango wa Mogadishu umefungwa ili wa Bujumbura ubaki wazi. Mkataba wa mwaka 1946 kuhusu haki na kinga za Umoja wa Mataifa unaeleza kwamba kinga wanazopewa maofisa wake ni kwa maslahi ya Umoja huo, si kwa faida ya mtu binafsi, na kwamba Katibu Mkuu anayo haki, tena wajibu, wa kuiondoa kinga pale inapozuia haki kutendeka.

Turudi Cibitoke tuone mambo hayo yanavyokuwa barabarani. Tuchukue mfano. Kamyoneti ya polisi inakimbilia wito wa wizi usiku, inapindua meza ya mama mwuza nyanya na kumvunja mguu. Dereva alikuwa kazini, alikuwa na amri, hakuwa amelewa. Mama yule anaweza kuidai dola, kwa sababu dola ndiyo mwajiri na kazi ilikuwa ya dola. Dereva hana sababu ya kukimbia wala ya kumtisha yule mama asiende hospitali. Jambo lililo bora kwake ni kuandika ripoti ya kweli usiku uleule, kwani ripoti hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba alikuwa katika kazi aliyopewa. Sasa tubadilishe mfano kidogo. Dereva yuleyule, kamyoneti ileile, lakini amekunywa, na anampeleka rafiki yake arusini. Hapo hakuna tena kazi ya dola. Sare imebaki, lakini kile ambacho sare ilikuwa inakisimamia kimeondoka. Deni hilo litatafuta mshahara wake, na baada ya madai yanaweza kufuata mashtaka.

Na mfano wa tatu, ambao hatutaukwepa: askari anamtesa mshukiwa kituoni ili akiri, akisema mkubwa wake ndiye aliyeamuru. Burundi ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Kupinga Mateso mwaka 1993. Kifungu cha 2 cha mkataba huo kinasema wazi kwamba amri ya mkubwa haiwezi kutolewa kuwa sababu ya kuhalalisha mateso. Sheria yetu ya adhabu ya mwaka 2009 iliyataja mateso kuwa ni jinai kwa jina lake. Yule askari yuko mahali palepale alipokuwa Carrington mwaka 1765, ila dhima yake ni nzito zaidi. Hati anayo, mkubwa anaye, na kinga hana.

Pengine yuko askari atakayesema kwamba maneno haya yote yanamtetea raia na kumwacha yeye uchi. Tunamwomba atazame upande wa pili wa neno hili, ambao hausemwi mara nyingi. Ile sheria ya Uingereza ya mwaka 1947 iliyomfungulia raia mlango ilikuwa na kifungu cha 10, na kifungu hicho kilimfungia mlango mtu mmoja: askari. Aliyejeruhiwa kazini kwa uzembe wa askari mwenziwe hakuweza kudai fidia, maadamu jeraha lake limetambuliwa kwa ajili ya malipo ya uzeeni. Raia angeweza kuidai Serikali kwa gari la jeshi lililomgonga, lakini askari aliyelipukiwa na bomu la mazoezi kwa sababu ya uzembe aliambiwa anyamaze. Ilichukua miaka 40, hadi mwaka 1987, kifungu hicho kuondolewa nguvu. Huko Marekani, mwaka 1950, Mahakama Kuu iliamua shauri la Feres, askari aliyekufa kwa moto uliounguza bweni lao katika jimbo la New York. Mjane wake alidai kwamba bweni lilijulikana kuwa hatari. Akajibiwa kwamba askari, na warithi wake, hawawezi kuidai Serikali kwa madhara yanayotokana na utumishi wake.

Basi kinga ya Serikali, pale ilipoachwa iwe pana, haikumlinda askari. Ilimfungia nje yeye na mjane wake. Afande wa Cibitoke anayesema leo kwamba mtu wa Serikali hashtakiwi ana mtoto anayevuka barabara ileile aliyopinduliwa mama mwuza nyanya. Kamyoneti ya usiku haitauliza ni mtoto wa nani, na siku hiyo atakayetafuta karani wa mahakama, na kifungu cha 260, na ripoti ya kweli iliyoandikwa na dereva, atakuwa ni yeye.